Nne Bora kwenye Karatasi ya Manila

Mimi msimamo wa ligi sikufundishwa ukubwani. Nimeujua tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi kule Kakamega, nimekaa sakafuni na kaka zangu watatu, redio katikati yetu, daftari mapajani mwangu. Matokeo yakisomwa, mimi ndiye niliyeandika. Ushindi, sare, kushindwa, magoli ya kufunga, magoli ya kufungwa, pointi. Kaka zangu walikuwa na miguu ya mpira, mimi nilikuwa na hesabu, na wakigombana nani yuko juu ya nani waliniletea kesi mimi. Sikuwahi kukosea. Nayasema haya mapema ujue kiburi changu kilitoka wapi, maana ndicho kilichoniumbua mbele ya kina mama wote wa kanisa letu hapa Newtown, Birmingham.

Binti yangu ni kipa. Si wa kandanda. Ni kipa wa lakrosi, ule mchezo wa vijiti vyenye vikapu vya wavu kwenye ncha. Wanadaka mpira mdogo mgumu kwa kikapu, wanakimbia nao, kisha wanautupa golini kwa nguvu za kuua mtu. Na yule anayesimama mbele ya goli atupiwe yeye, huyo ndiye wangu. Tena analipwa kwa kazi hiyo. Yuko Marekani, kwenye ligi ya kulipwa ya wanawake yenye timu nane. Ukikaa nami kwenye basi la asubuhi la kwenda Edgbaston, kabla hatujapita vituo vitatu nitakuwa nimeshakuambia. Dereva mmoja alinisikia mara nyingi hadi siku moja nikipanda akaniuliza, "Kipa wetu alishindaje?" Wetu! Wacha we. Nilishuka nikiwa nimevimba kichwa, nikapitiliza hata mlango wa kazini.

Haikuanza hivyo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alirudi nyumbani na alama nyeusi mkononi, kubwa kama yai. "Nani amekupiga?" Akaniambia ni michezo. "Michezo gani inampiga mtoto hivi?" Kesho yake nikavaa koti na kwenda shuleni wima wima. Mwalimu wa michezo alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi, halafu akanipeleka uwanjani nikajionee. Wasichana kumi walikuwa wamepanga mstari, wakimtupia mtoto wangu mpira mmoja baada ya mwingine, naye haondoki. Nakuambia haondoki! Watoto wengine mpira ukija hugeuza uso. Wangu aliufuata. Nilirudi nyumbani, nikampikia chapati.

Baba yake alitutoka mtoto akiwa bado chekechea, kwa hiyo kila uamuzi juu yake nimeufanya peke yangu, na mengine nimeyafanya kwa hasira. Alipomaliza chuo kikuu alipata kazi hospitalini, ya kunyoosha viungo vya wagonjwa. Kazi safi, kazi ya kueleweka. Nilishawapigia simu ndugu zangu wote Kenya. Mwezi huohuo timu ya Marekani ikamwita. Akaniambia, "Mum, hospitali haitahama." Akaenda. Mimi nikabaki na watu wanaouliza mtoto anafanya kazi wodi gani.

Msimu wa kwanza timu yake ilishika mkia. Akarudi likizo, tukawa tunakula jikoni, akaniuliza kama msimu unaofuata nitakwenda kumtazama. Aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu ni kwa lugha ya Birmingham. Aliuliza polepole, macho kwenye sahani. Na mimi, kwa vile ile hasira ya hospitali ilikuwa bado haijapoa, nikamwambia, "Nivuke bahari yote hiyo kuja kutazama timu inayoshika mkia? Ingieni nne bora kwanza, ndipo nije."

Akaweka kijiko chini. "Nne bora," akasema. Nikamjibu, "Nne bora." Akaninyooshea mkono tukapeana kama watu wanaouziana ng'ombe. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Wiki hiyohiyo nilitamani kuyarudisha yale maneno. Lakini mimi nikishasema nimesema, ndivyo nilivyo, hata marehemu mama yangu alichoka na tabia hiyo. Nikajiambia mtoto ataileta tena ile habari, nami nitalegeza kamba. Hakuileta. Ni mtoto wangu, naye akishasikia amesikia. Basi tukawa hapo, yeye Marekani akidaka mipira, mimi huku nikiomba usiku na mchana timu ya watu nisiowajua ishike nafasi ya nne, ili niruhusiwe na mdomo wangu mwenyewe kwenda kumwona mwanangu.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni Mkongo wa Bukavu, mama wa watoto watano, na ndiye mwenyekiti wa kina mama kanisani. Tulikutana mlangoni miaka mingi iliyopita, akanisikia nikigombana na lifti kwa Kiswahili, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Tangu hapo huniita dada. Nilipomweleza habari ya nne bora alinitazama kwa huruma na ghadhabu pamoja. "Ai, dada! Ulimuambia mutoto maneno kama ile?" Nikamwambia nilimwambia. "Basi tuombe. Lakini sijue minaomba nini. Andika, niione."

Ndipo nikanunua karatasi ya manila, ile kubwa ya shuleni. Nikapiga mistari kwa rula, nikaandika timu nane kwa maka peni, ya kwetu kwa rangi ya kijani, tukaibandika ukumbini karibu na birika kubwa la chai. Baada ya ibada, kabla mtu hajagusa mandazi, mimi nilisimama na kusahihisha msimamo. Wakenya, Wakongo, na wale Watanzania wawili, wote vikombe mkononi, macho kwenye manila. Kina mama ambao hawajawahi kuona kijiti cha lakrosi wakawa wanauliza, "Sisi ni wa ngapi wiki hii?" Nilijisikia kama niko tena sakafuni kwetu na redio.

Sasa, msimamo wenyewe. Nilipoufungua mara ya kwanza kwenye simu nilishangaa. Hakuna safu ya sare, maana wale hawana sare, wanacheza mpaka mmoja afunge. Hilo nikalikubali. Lakini safu ya pointi pia hakuna! Wameandika ushindi, kushindwa, na asilimia fulani, basi. Nikasema Wamarekani ni watu wa maendeleo, lakini ligi hawaijui. Nikawatengenezea. Ushindi pointi tatu, magoli ya kufunga, magoli ya kufungwa, tofauti. Kutoka siku hiyo sikuhangaika tena na msimamo wao. Nilichukua matokeo tu, hesabu nikapiga mwenyewe.

Jambo moja liliniumiza roho mwanzoni, nalo ni magoli ya kufungwa. Mechi ya kwanza timu yetu ilishinda, lakini mwanangu alifungwa tisa. Tisa! Kwetu kipa akifungwa tisa anahama mtaa. Nilikwenda kazini nimenuna. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Edgbaston, na mama mmoja ninayemwosha kila asubuhi alicheza lakrosi shuleni, zamani za ujana wake. Nikamweleza ile aibu ya tisa huku namfunga vifungo vya sweta. Alinishika mkono. "Tisa? Mpenzi, huyo ni kipa hodari sana. Mimi walinifunga ishirini na nikapewa kikombe cha chai." Nikarudi Newtown nimenyooka mgongo, nikatangaza kanisani kwamba tisa ni sifa. Wakapiga makofi.

Katikati ya msimu jirani yangu alinijia na simu yake. Timu yetu na nyingine zilikuwa zimelingana ushindi na kushindwa. "Dada, kwa telefone banatuweka juu. Kwa manila umetuweka chini."

Nikatazama. Kweli, msimamo wao ulituweka juu, na tofauti yetu ya magoli ilikuwa mbaya. "Telefone imekosea," nikamwambia. "Hawajasahihisha. Hao wenzetu wana magoli mengi." Akasema, "Una hakika?" Nikamwuliza kama ni yeye aliyelelewa na redio ya mpira au ni mimi. Akarudisha simu kwenye mkoba, na kutoka siku hiyo hakuangalia tena huko. Alinisadiki mimi.

Halafu ikaja ile mechi. Mwanangu alikuwa ameumia kidole gumba, akakataa kutoka, na timu ikapigwa kwa tofauti ya magoli kumi na matatu. Niliandika ile kumi na tatu kwa wino mwekundu. Jumapili ile kwenye simu, maana simu yetu ni ya Jumapili baada ya ibada na matokeo hatutumiani, mimi hujitafutia mwenyewe, sauti yake ilikuwa ndogo. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, mwanangu, achana na nne bora, mimi nakuja. Neno lilifika hapa kwenye koo. Nikalimeza, nikamwambia apake barafu.

Timu haikuanguka. Kidole kilipona, wakaanza kushinda tena, wakapanda kutoka wa saba hadi wa sita, hadi wa tano. Nilikuwa naringa mpaka Moseley, ambako nilikwenda kununua viatu tu, nikamweleza muuzaji msimamo wote. Kazini nikaomba likizo ya wiki ya mchujo, ule wa timu nne bora kutafuta bingwa, meneja akaandika kwa penseli, "kama wataingia." Mpaka ikabaki mechi moja, na nafasi ya nne inagombewa na timu mbili, sisi na wale walewale waliolingana nasi katikati ya msimu. Wao wakiwa na magoli mengi kuliko sisi.

Nikawaeleza kina mama hali ilivyo: ushindi peke yake hautoshi, tunahitaji magoli. Mwenyekiti wetu akapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi. "Baba, uwape magoli. Si mbili, si tatu. Kumi na tano, Baba, na kupita." Wote wakasema amina. Siku hiyohiyo kwenye simu nikamwambia binti yangu, "Fungeni mengi, umesikia? Mengi!" Akacheka sana. "Mum, mimi ni kipa." Alidhani natania.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumamosi. Jumapili asubuhi niliamka, nikachemsha maji, nikafungua matokeo kabla ya kunywa chai. Sisi tulishinda kwa goli moja. Wale wengine walishinda kwa saba.

Nikachukua kalamu. Nikapiga hesabu mara moja, mara mbili, mara tatu, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. Ushindi sawa. Kushindwa sawa. Tofauti ya magoli, wao juu, sisi chini. Bila ile kumi na tatu tungekuwa ndani. Ile kumi na tatu aliyofungwa mtoto na kidole kibovu, kwa sababu alikataa kutoka, na kwa nini alikataa kutoka? Kwa sababu mama yake alimwambia nne bora. Nilikaa pale jikoni, kwenye kiti kilekile nilichokalia siku ile ya kijiko, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Kanisani nilikwenda. Ningeweza kubaki nyumbani, lakini manila ilikuwa yangu, na mimi sikikimbii kilicho changu. Baada ya ibada nikasimama mbele ya birika na maka peni ya kijani. Nikaandika tano mbele ya timu ya mwanangu. Kwa mkono wangu. Mtu mmoja nyuma akasema "Woi!" Mwenyekiti akaja akanikumbatia. "Pole, dada. Mutoto alifanya yote." Nami nikaona kwamba ni kweli. Mtoto alifanya yote. Kutoka mkiani hadi kulingana na wa nne, na kidole kibovu, na mama hajakanyaga uwanja wake hata siku moja. Mimi ndiye sikuwa nimefanya kitu isipokuwa kumwekea masharti.

Nikatoka nje, uani panapoegeshwa magari. Mvua ilikuwa ile nyepesi isiyokubali mwavuli. Kule kwake ilikuwa asubuhi. Nikapiga, akapokea mlio wa kwanza, na sikumpa nafasi hata ya kuamkia.

"Mwanangu, nyamaza unisikilize. Mimi nakuja. Umesikia? Nakuja kukuona. Hata kama ligi imeisha, hata kama mnafanya mazoezi tu, hata kama unakunja nguo, nitakaa nikutazame. Yale niliyokuambia jikoni yalikuwa ya kijinga, na niliyajua ni ya kijinga wiki hiyohiyo, nikakaa nayo kwa sababu ya kichwa changu kigumu. Sijali nne bora. Hata mkishika mkia mpaka uzeeni, nakuja. Ninajivunia wewe mpaka watu wa basi wamenichoka. Kile kidole... hukupaswa kucheza na kile kidole kwa ajili yangu."

Nikapangusa mvua kwenye simu.

"Mum," akasema, "kwa nini unalia?"

"Kwa sababu mmekuwa wa tano."

"Nani amesema sisi ni wa tano?"

"Mimi."

Halafu nikasikia kitu ambacho mwanzo sikukijua kama ni kicheko au kilio. "Mum. Umehesabu magoli?"

"Sasa nihesabu nini, mahindi? Wao wana tofauti nzuri kuliko yetu!"

"Hapa timu zikilingana hawaanzi na magoli. Wanaanza na nani alimpiga nani. Wale tulicheza nao mara mbili, na tuliwapiga mara zote mbili. Mum, sisi ni wa nne. Tumeingia. Nimekaa na simu mkononi tangu niamke nikingoja upige."

Haki ya Mungu! Nikashika kioo cha gari la mchungaji. Nani alimpiga nani! Watoto wadogo wakigombana ndivyo wanavyoamua, na mimi na hesabu zangu zote za redio sikuwaza hilo. Nikamwambia, "Ngoja, usikate," nikaweka spika, nikaingia ukumbini mbiombio na viatu vilivyolowa maji. "Wa nne!" nikapiga kelele. "Sisi ni wa nne! Nilikosea! Mimi, nimekosea!" Nikanyakua maka peni, nikaipiga ile tano msalaba mpaka manila ikachanika, nikaandika nne kubwa.

Basi ukumbi ulipasuka. Vigelegele, mandazi chini, mtu kapiga sufuria. Mwenyekiti wetu alisimama katikati mikono kiunoni. "Si miye nilikuambia? Si miye nilikuambia kwa telefone banatuweka juu? Juma muzima tunaomba magoli, Mungu anatutazama tu!" Nikamwambia anisute, nimestahili, anisute mpaka Pasaka. Akanisuta, kisha akanivuta tukacheza wote wawili mbele ya birika, simu nimeinua juu ili mtoto asikie.

Ndani ya zile kelele nikasikia sauti yake kwenye spika, ndogo. "Mum. Mum, toa spika."

Nikatoa. Nikaenda nikasimama jikoni mwa ukumbi, nyuma ya mlango, simu sikioni. "Ndiyo, mama. Nitathibitisha likizo yangu kesho. Meneja atafuta ile penseli. Nitakuja kwenye mchujo, nitakaa mstari wa mbele..."

"Sio hiyo," akasema. "Hiyo ya kuingia nne bora naijua. Ile ya kwanza, uliyosema kabla hujajua. Rudia."

Nikafuta pua kwa taulo la vyombo.

"Hata mkishika mkia," nikamwambia, "nakuja."

"Tena," akasema.